Soko la Watoto

Mtafiti wa masoko aliweka swali kwenye ukurasa wa kampuni yao ya krimu ya kung'arisha ngozi: nyumbani kwenu, nani mwingine anaitumia? Jibu bora lingepata zawadi.

Mdogo wake alijibu kwa picha. "Nampaka na mwanangu. Rangi imeanza kutakata."

Mashavu ya kichanga yalikuwa yamebabuka, na kidevuni ngozi ilining'inia kama karatasi iliyolowa.

Bosi aliinama begani kwake. "Watoto! Soko hilo hatukuwa nalo kabisa. Muulize anampaka mara ngapi."

Badala ya kuandika, alichukua simu akampigia mdogo wake.

"Dada!" Sauti ilijaa furaha, na nyuma yake mtoto alikuwa akilia. "Usiniambie nimeshinda!"