Swali la Tatu

Mashine ilimkataa mara ya pili yule mwanaume aliyeketi mezani mbele ya Ketsia.

Maswali yalikuwa matatu. La kwanza, jina ambalo dada yake aliitwa nyumbani, alikosea. La pili, kijito walichokuwa wakichota maji, alikosea pia. Akikosea la tatu, mlango wa kuingilia kwenye mfumo ungejifunga kwa siku tatu. Ketsia ndiye aliyeuunda, na alijua ulivyo mgumu.

Kazi hiyo ilimchukua miezi minne, katika biro, ofisi ya chumba kimoja karibu na bandari ya Kalemie. Shirika alilolifanyia kazi lilikuwa likiandikisha watu waliokimbia mapigano ya upande wa Nyunzu, ili ndugu waliotawanyika waonane tena. Kila aliyeandikishwa alikuwa na waraka wake kwenye hifadhidata. Ketsia alichagua hifadhidata isiyolazimisha habari za watu wote zikae kwenye safu zilezile, kwa sababu maisha yao hayakulingana: huyu alikuwa na mistari minne, yule arobaini.

Hapo mwanzo yeyote mwenye simu aliweza kusoma nyaraka hizo. Ketsia akaweka ulinzi. Kila ndugu anayemtafuta mtu wake alifunguliwa akaunti yake, na neno lake la siri likageuzwa kuwa herufi ambazo hata Ketsia mwenyewe asingeweza kuzisoma. Lakini kabla ya kupewa akaunti, au akisahau neno lake la siri, ilimpasa ajibu maswali matatu yaliyotungwa na yule anayetafutwa.

Aliuonea fahari mlango wake mpaka siku ya Mama Pélagie. Mama huyo mzee alisahau neno lake la siri, akachanganya majibu kwa woga, akafungiwa nje. Mlango ulipofunguka siku ya nne, anwani ya binti yake ilikuwa ya hospitali, na binti alikuwa amezikwa jana yake. Mama Pélagie hakumlaumu mtu. Alikaa kwenye benchi ya biro mchana kutwa, kisha akauliza kama kuna mahali palipoandikwa kwamba binti yake alimtaja. Ketsia alitafuta. Hapakuwepo.

Papa Augustin, mkuu wa biro, hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mwanangu, muntu si mashine. Kama analia mbele yako, umuulize kwa kinywa."

Na sasa huyu hapa, karibu kulia. Alisema anaitwa Guelord. Shati lake lilikuwa safi, sauti yake ya chini. Alieleza kwamba wiki ya tatu sasa anazunguka kambi hadi kambi akimtafuta mdogo wake Laure, na kwamba tangu vita kichwa chake kimesahau mengi, hata majina ya kwao.

Ketsia aligeuza kioo cha kompyuta upande wake mwenyewe. Hakuligusa swali la tatu.

"Papa Guelord," akasema, "nieleze tu siku ya mwisho ulimuona."

Guelord alisogeza kiti karibu na meza.

"Ile siku ndo naikumbuka yote," akasema. "Alikuwa shambani, anang'oa mihogo. Amevaa kitenge ya kijani. Panga ilimupata hapa." Akapitisha kidole kutoka chini ya sikio la kushoto hadi begani. "Akaanguka kifudifudi. Hakulia hata kidogo. Nilijua amekufa. Sasa watu wanasema yuko muzima, na mimi usingizi umeniisha."

Ketsia alitazama muhtasari wa Laure kwenye kioo. Kitenge cha kijani. Kovu la upande wa kushoto, kutoka sikioni hadi begani. Mtu aliyeyabeba haya, angekumbukaje jina la kijito?

Akamthibitisha kwa mkono wake mwenyewe. Guelord aliandika neno lake la siri polepole, amelifunika kwa kiganja, na ukurasa ukafunguka: ng'ambo ya mto Lukuga, nyuma ya kanisa dogo, nyumbani kwa Mama Mado aliyempa Laure hifadhi. Alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Akauliza kama Laure hutoka, au hushinda nyumbani. Ketsia akamwambia kwamba Mama Mado huenda sokoni na samaki tangu asubuhi, kwa hiyo atamkuta mdogo wake akiwa peke yake, na wataweza kuongea kwa utulivu. Guelord akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru, akatoka. Pikipiki ilimchukua mlangoni.

Ketsia alimpigia simu Papa Augustin kumpa habari, naye akasema Mungu asifiwe. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya Mama Pélagie, Ketsia alijisikia mwepesi. Akakaa chini amalizie kazi.

Ili kuandika kwamba Laure amepatikana, ilimbidi afungue waraka wake wote, si ule muhtasari aliouzoea. Ulikuwa mrefu. Aliteremka mstari baada ya mstari: umri, kijiji, dawa alizopewa, jina la muuguzi. Chini kabisa akakuta sehemu ambayo hakuwahi kuiona kwenye waraka mwingine wowote. Mwandikishaji aliiongeza hospitalini na kuiita "Ushuhuda kwa majaji." Yalikuwa maneno ya Laure mwenyewe, kama alivyoyatamka:

"Pale shambani nilikuwa peke yangu. Aliyeona nikikatwa ni muntu mumoja tu, na panga ilikuwa mukononi mwake. Sura yake naijua."