Mkono Uelekee Dirishani

Glasi za kuonjea za kiwanda kile zilikuwa na mikono, kama vikombe, na mwonjaji mkuu hakuangalia kitu kingine. Mkono ukielekea dirishani, bia ni nzima. Ukielekea mlangoni, imeharibika. Akishauona mkono, ndipo alipoinua glasi, akanusa, akasukutua, akatema, akafumba macho kidogo na kutoa hukumu.

Ulimi wake ulikuwa umekufa. Homa ya mwaka juzi ilimwachia uhai lakini ikaondoka na ladha na harufu zote. Chai na maji ya kunawia vilikuwa kitu kimoja kwake. Daktari alisema zitarudi. Hazikurudi.

Aliyepanga glasi ni shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa matangi. Kila asubuhi fundi alishuka chini kwenye matangi ambamo bia hulala wiki tatu, akaonja kwa siri, akapanga glasi kwenye sinia na kupanda nayo ngazi zilizolika katikati kwa miguu ya miaka mia na ishirini. Ulimi wake haukuwa na cheo, lakini ulikuwa mzima. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya hawa wawili ilikuwa imeingia mwezi wa kumi na nne, na hawajajikwaa.

Mke wa mwonjaji alimsihi mumewe aseme ukweli, kwani mficha uchi hazai. Yeye alimjibu kwamba nyumba ni ya kiwanda, na binti yao mjane analala chumba cha nyuma na watoto watatu. Mwonjaji asiyeonja hana kazi, na asiye na kazi anapewa siku saba za kuhama. Mkewe akaendelea kumpikia na kumuuliza kama chumvi imekolea, kwa mazoea tu.

Alhamisi moja alifika mama mmoja mpole kutoka makao makuu, mwenye miwani, faili nene na kisanduku cha barafu. Alikaa na meneja nusu saa, mlango umefungwa. Meneja alipotoka, alimshika mwonjaji bega.

"Mzee, leo ulimi wako ndio unaotutetea. Onja vizuri."

Basi wamejua, mwonjaji aliwaza. Siku za mwizi ni arobaini, na yeye alikwisha kuzipita zamani. Aliketi mezani kwake, akasubiri sinia.

Yule mama alimimina glasi tatu mwenyewe katika chumba cha pili. Kisha akamwita fundi wa matangi, akamwambia kuwa kwa kuwa yeye ndiye hubeba sinia siku zote, basi na leo abebe. Kati ya chumba kile na hiki palikuwa na ukumbi mrefu wenye giza. Kwa mtu aliyezoea, ukumbi huo ulitosha kuonja na kugeuza glasi.

Sinia ilitua mezani. Mikono yote mitatu ilielekea dirishani.

Mwonjaji alishusha pumzi. Lakini shemeji, badala ya kwenda zake, alisimama mlangoni na kukohoa. Akakohoa tena, macho yamemtoka. Mwonjaji akamlaani kimoyomoyo. Mtu mzima mzima anababaika hivi wakati kazi imekwisha? Atatuumbua.

"Kuna tofauti yoyote?" mama aliuliza.

Hakufanya haraka. Aliinua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alinusa, akasukutua, akatema. Akafumba macho kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu mgeni alikuwa mkubwa.

"Hakuna," alisema. "Zote za tangi moja, na zote nzima. Hii ni bia yetu."

Meneja aligeuka akatazama ukutani. Mama akaandika mstari mmoja, akamshukuru. Mwonjaji alikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtu aliyenusurika. Aliwafikiria wajukuu wake wakilala usiku ule kwenye vitanda vyao.

"Ya katikati nimekuja nayo," mama alisema taratibu. "Imetoka kiwanda kipya, kule nje ya mji. Meneja wako amekuwa akituambia kwamba ladha ya hapa haiwezi kutengenezwa pengine, ndiyo maana hatujakifunga kiwanda hiki mpaka leo. Lakini ikiwa wewe huioni tofauti, Mzee, hakuna atakayeiona."

Uani, watu walikuwa wanapakia kreti huku wakitaniana. Walikuwa mia nne kwa jumla.

Mwonjaji alisimama. Alisema yote: homa, glasi, mikono, dirisha, mlango. Alisema mpaka sauti ikamkauka, wala hakuikumbuka tena nyumba. Aliomba wamfukuze yeye, leo hii, mbele ya watu wote, na kiwanda wakiache.

"Ni kweli, mama," shemeji alisema kutoka mlangoni. "Ile ya katikati niliijua. Ni nzima, lakini si yetu. Hatukuwa na alama ya hivyo."

Mama aliwatazama wote wawili kwa huruma ya kweli. Akafungua faili lake, akaligeuza juu ya meza ili wasome.

"Msijidhalilishe, wazee wangu. Kila hukumu ya mwonjaji, maabara yetu huipima upya, na waonjaji wengine wote wa kampuni hukosea," alisema. "Kwa mwaka mzima, ni wewe peke yako ambaye hukukosea hata tangi moja. Ndiyo maana nilikuja kuuliza ulimi wako."