Kifaranga wa Madoa

Paliondokea banda moja ambamo kuku walilala ndani na kanga wakalala nje, ingawa kila masika kanga waliomba nafasi. Bi Koo, kuku wa banda hilo, aliatamia mayai, na katika moja akaanguliwa kifaranga wa kanga. Jioni mvua ikaanza, na Jogoo akamzuia Bi Koo na kifaranga huyo mlangoni.

“Huyo wa madoa abaki nje, Bi Koo. Desturi hii wewe mwenyewe uliitetea.”

“Niliitetea, mzee wangu,” alisema taratibu. “Lakini huyu ananiita mama.”

Akarudi mvuani, akamfunika mwanawe kwa mbawa. Kanga wakamsogelea, wakamkinga upepo. Mitetea wenzake wakatoka mmoja mmoja, wakamfuata, hata Jogoo akabaki peke yake bandani. Mwishowe naye alitoka, akalowa, akawaomba waingie wote, kanga kwa kuku.