Tausi Afunga Maktaba

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakivaa sare na kupanga mstari asubuhi, Chiriku alizunguka mbuga nzima akiombea shule ya wanawe vitabu, mpaka sauti ikamkauka. Vitabu vikaja. Mwalimu mkuu Tausi, mpenda kung'ara, akavitia chumbani na kupiga kufuli.

"Mwalimu, maktaba si uliifungua juzi kwa ngoma na vigelegele?" Chiriku akauliza.

"Niliifungua, mama, kisha nikaifunga. Watoto hawa wana makucha machafu!"

"Haya. Ila nasikia mkaguzi Korongo yuaja, na vitabu visivyo na alama za makucha anavihamishia shule jirani."

Tausi manyoya yakamsimama. Akafungua mbio. "Ingieni! Shikeni! Wewe Nguchiro, mbona ukurasa wako bado unameta?"

Watoto wakafunua, wakachafua, mara wakaanza kucheka. Tausi akachungulia kitabuni ajue wanachekea nini.

Jioni Chiriku akaja kuchukua wanawe, akakuta mlango hausukumiki.

"Ala! Maktaba imefungwa tena?"

"Imefungwa, mama," Tausi akajibu kutoka ndani. "Na usipige kelele, fisi anakaribia kunaswa!"