Kifuko cha Bendera

Waziri Mgaza alipoingia garini baada ya kuzindua kisima, dereva wake Sengondo hakuvua kifuko cheusi kinachofunika bendera. Kwa miaka saba kifuko hicho kilivuliwa kila waziri alipoketi.

"Bendera, Sengondo."

Dereva alibaki ameshikilia mlango. "Mheshimiwa, hukusikia redio?"

"Nilikuwa jukwaani. Kuna nini?"

"Wametangaza baraza jipya. Wamesema wewe utapangiwa kazi nyingine."

Mgaza aliyajua maneno hayo. Ni yeye aliyemwandikia mwenyekiti wa chama sentensi hiyo, walipomng'oa waziri mwenzake, Lukindo. Mpaka leo Lukindo anaingoja hiyo kazi.

Kule jukwaani, watu wa chama walikuwa wamemzunguka naibu wake, Bi Kizota, wakimpongeza huku wakicheka.

"Basi nipeleke nyumbani."

Sengondo aliangalia chini, mlango bado uko wazi. "Samahani, mzee. Nimeambiwa nimsubiri waziri."

Mgaza alishuka, akashika barabara ya vumbi kwa miguu. Baadaye gari lilimpita, bendera ikipepea, na kina mama kando ya njia wakaipungia mikono. Naye alijikuta anapunga.