Mchungwa wa Kitovu

Minyoo ilikuwa imeitafuna mizizi ya michungwa yote ya Shekue, ukabaki mmoja tu, ule uliozikiwa kitovu cha binti yao. Huo hupaliliwa na mama mtu peke yake.

Shekue akaifukua mizizi yake. Mizizi ilikuwa myeupe, safi.

"Mahija," alimwita mkewe, "umeutia dawa gani?"

"Dawa gani tena, baba Zaituni? Jembe langu halijagusa mti mwingine, basi."

Shekue akaligeuza jembe lake mwenyewe. Udongo wa kila shina lililokufa ulikuwa umegandia hapo. Kumbe minyoo alikuwa akiitembeza yeye!

Akaitazama miche ya shamba jipya, iliyokuwa ipandwe asubuhi hiyo. Akashusha pumzi, nusura acheke.

"Niletee maji nilioshe jembe hili."

Mahija akaleta ndoo, na jembe lake begani.