Elfu Moja ya Mwaitu

"Ni elfu tatu, Mwaitu," Nzilani alisema, na skrini ya simu ilimwonyesha elfu nne.

Mama mkwe wake, Nzembi, ambaye nyumba nzima ilimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alinyoosha mkono akaipokea simu yake, akaitia chini ya mto bila kuitazama. Angeitazama ya nini? Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili. Tangu aletwe kutoka Kitui kuja kukaa nao Silanga, Nzilani ndiye aliyemsomea meseji, ndiye aliyeijua namba yake ya siri, na ndiye aliyemtolea pesa kwa ajenti.

Pesa zilikuja kila tarehe tano. Mwana mdogo wa Mwaitu, Ndululu, alikuwa Saudia akiendesha lori. Alizituma kwa rafiki yake Kimotho, mwenye duka Kawangware, naye Kimotho akamrushia mama. Ndivyo Muli, mume wa Nzilani, alivyowaeleza.

Mara ya kwanza Nzilani alitoa elfu moja kwa sababu mtoto wao, Alvin, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa pesa ya chakula cha shule. Alijiambia atairudisha. Mwezi uliofuata hakujiambia chochote.

Muli alikuwa fundi wa mjengo. Zamani pesa ya matumizi aliyoiacha mezani kila Jumamosi iliwafikisha Jumamosi nyingine. Mwaka huu ilipungua, na alipoulizwa alisema tu kwamba kazi ni mbaya. Siku moja Nzilani alichoka, akamwambia mbele ya mama yake: "Ndugu yako yuko ng'ambo na anamkumbuka mama. Wewe uko hapa hapa, na unga unatuishia Jumatano."

Muli alivaa viatu vyake akatoka.

Uwongo wenyewe Nzilani alikuwa ameuzoea. Kilichomtafuna ni shukrani. Kila alipompelekea Mwaitu zile elfu tatu, yule mama alipapasa hewani mpaka akakipata kiganja chake, akamwekea mia mbili, akakifunga kwa vidole vyake mwenyewe na kumwombea kwa Mungu. Nyingine alizikunja kwenye leso. Alikuwa akiweka akiba ya kupasuliwa macho.

"Ndululu akirudi nataka nimwone mwenyewe," alisema. "Sitaki kuambiwa ni yeye."

Mwezi wa tisa walikwenda kliniki. Nesi aliwaambia kwamba jicho la kushoto halifai kungojewa zaidi, mwaka ukikaribia kwisha itakuwa kazi ngumu zaidi. Mwaitu alifungua leso. Zilipungua elfu nane. Alisema si neno, amengoja mengi, na hili atalingoja. Nzilani alisimama kando yake akihesabu miezi. Ilikuwa tisa. Jioni hiyo aliwapakulia wenzake ugali, yeye akasema ameshiba.

Kumwambia Muli hakuweza. Angeanzaje, baada ya maneno yale ya unga? Aliona afadhali amwambie mwenye pesa zake. Ndululu alikuwa mbali, na aibu ya kwenye simu haina macho. Aliuza mtungi wake wa gesi, akapata elfu tatu za kuanzia kulipa, na mchana wa tarehe tano akaenda Kawangware kwa Kimotho, ambaye Muli alisema ndiye pekee mwenye namba ya Ndululu.

Duka la Kimotho lilikuwa la chakula cha kuku. Nzilani alipojitaja, Kimotho alijifuta mikono kwenye suruali, akachungulia barabarani, kisha akamwambia arudi kesho, kwa sababu anafunga kwenda kula. Nzilani akasema hatakawia. Aliketi juu ya gunia nyuma ya mlango, na kabla ya kuulizwa alikuwa ameshaanza. Alisema yote: elfu nne aliyoiita tatu, miezi tisa, leso, jicho la kushoto. Alisema bila kulia, akiangalia sakafu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli.

Alipomaliza, aliziweka zile elfu tatu kwenye kaunta.

"Nipe namba ya Ndululu. Nataka nimwambie mwenyewe. Hizi ni za kuanzia."

Kimotho alizisukuma noti zikamrudia.

"Mama Alvin, namba yake sina. Mimi sijamsikia Ndululu tangu mwaka juzi."

Nzilani alidhani anafichwa. Alimwambia kwamba anastahili kufichwa, lakini amekuja kulipa, hakuja kuomba. Kimotho akarudia lile lile, kwa sauti ya chini zaidi. Ndipo Nzilani akamuuliza, kama ni hivyo, pesa za kila mwezi hutoka wapi.

Kimotho alikuwa anatazama mlango.

Mtu aliingia kutoka juani, saruji imemkaukia mpaka kwenye kope, asimwone aliyeketi nyuma yake. Alitoa noti nne za elfu moja kutoka kwenye soksi, akazinyoosha moja moja kwenye kaunta.

"Za Mwaitu hizi," Muli alisema. "Na akipiga simu kuuliza, mwambie kwamba Ndululu bado ni mzima."